Vipele na Muwasho Baada ya Kunyoa Kwapa na Kinena: Sababu Zake na Namna ya Kujikinga

Bismillahir Rahmanir Rahiim. Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.



Kila aliyefikia baleghe miongoni mwenu, wa kiume na wa kike, ameshasoma katika mlango wa twahara kwamba nywele za kwapani na za kinena huondolewa. Vitabu vidogo tunavyovisoma madrasa vinaeleza hukumu ya jambo hilo, lakini kazi yake si kueleza habari za ngozi. Basi kijana huchukua wembe, ananyoa kama alivyoona au alivyosikia, na baada ya siku mbili tatu mahali pale panawasha, panachoma, na vipele vinatoka.

Hapo ndipo mambo matatu mabaya huingia. Wako wanaoacha kabisa kunyoa kwa kuogopa maumivu, na sunna inawapotea. Wako wanaojipaka kila wanachoambiwa na wenzao, mpaka kipele kinakuwa kidonda. Na wako wanaodhaniwa kuwa wamepata ugonjwa wa zinaa, wakatazamwa kwa jicho baya bwenini au nyumbani, na hali wamechubuliwa na wembe tu. Kwa sababu hiyo tumeona makala hii iwe na faida, nayo tutaiandika kwa uwazi wa kielimu pamoja na kuchunga adabu.

SHERIA IMETAKA NINI?

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) ameyataja mambo matano kuwa ni katika maumbile safi ya mwanadamu, yaani fitra: kutahiri, kunyoa nywele za kinena, kunyonyoa za kwapa, kukata kucha na kupunguza masharubu. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba waliwekewa muda, nao ni kutoyaacha mambo haya zaidi ya siku arubaini.

Tuzingatie vizuri. Kilichotakiwa ni kuondoa nywele kwa ajili ya usafi. Hakuna mahali tulipoamrishwa kukwangua ngozi mpaka ing'ae. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), katika sherehe yake ya Sahihi Muslim ameeleza kwamba kwa nywele za kinena kunyoa ndiko bora, lakini inajuzu pia kuzikata kwa mkasi, kuzinyonyoa, au kutumia nura, ambayo ni dawa ya kuondoa nywele waliyokuwa wakiitumia watu wa zamani.

Ama kwapa, sunna ni kunyonyoa kwa anayeweza. Hata hivyo wanazuoni wamesimulia habari ya Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki. Mwanafunzi wake Yunus bin Abdil-A'laa aliingia kwake akamkuta kinyozi anamnyoa makwapa. Imam akamweleza kwamba anajua sunna ni kunyonyoa, lakini hawezi kuyavumilia maumivu yake. Tazama, ndugu mwanafunzi: imamu mkubwa kiasi hicho, aliyezaliwa mwaka 150 Hijria na kufariki mwaka 204, hakuona aibu kusema kuwa ngozi yake inaumia, na alichagua njia nyepesi bila kuliacha jambo lenyewe. Hili ndilo tunalotaka mlishike: dini imeweka wasaa, basi tuutumie.

VIPELE VINATOKA WAPI?

Nywele za kwapa na kinena ni ngumu kuliko za mikono, na kwa watu wengi wa Afrika ni za kipilipili, yaani hujikunja. Hata kitundu ambamo unywele huota kimepinda chini ya ngozi. Wembe unapoukata unywele huuacha na ncha kali mfano wa mshale. Unapoanza kuota upya hujikunja, ukaielekea ngozi, ukaitoboa na kuingia ndani.

Mara nyingine unywele hautoki nje kabisa. Mtu anapoivuta ngozi kwa mkono huku ananyoa, unywele hukatwa chini ya usawa wa ngozi. Akiiachia ngozi, ile ncha hurudi ndani, na inapoota hutoboa ukuta wa kitundu chake. Mashine za kunyolea zenye nyembe mbili au tatu zinaweza kuleta jambo hilo hilo, kwa kuwa wembe wa kwanza huuvuta unywele na wa pili huukata chini zaidi. Na anayenyonyoa naye hasalimiki moja kwa moja, kwani unywele ukikatikia ndani hupata taabu kutoka.

Unywele ukishaingia katika nyama, mwili huuona kama mwiba. Damu hukimbilia pale, pakavimba, pakawasha, na kipele kikasimama. Kikipona huacha alama nyeusi, na kwa baadhi ya watu huacha kovu nene linalokua, ambalo madaktari huliita keloidi.

Jambo hili si la Singida peke yake. Mwaka 1956 madaktari wawili wa Marekani, John Strauss na Albert Kligman, waliandika maelezo ya vipele vya namna hii katika ndevu. Katika jeshi la nchi hiyo, ambako kunyoa ndevu ni amri, askari wengi wenye asili ya Kiafrika walitaabika kwa vipele hivyo, na dawa kubwa waliyopewa na madaktari ilikuwa ni ruhusa ya kuacha kunyoa kwa muda. Kwa hiyo anayetokwa na vipele asijione mchafu wala mwenye kasoro. Ni maumbile ya unywele wake yamekutana na makali ya wembe.

SI KILA KIPELE NI CHA WEMBE

Inafaa kutofautisha, maana tiba hufuata ugonjwa.

1. Kuungua kwa wembe. Ngozi huchoma na kuwa na joto siku ile ile ya kunyoa, bila vipele vya maana. Chanzo chake ni wembe butu, kunyoa pakavu au kukwangua mara nyingi. Hupoa baada ya saa chache au siku chache.

2. Vipele vya unywele uliorudi ndani. Hutoka baada ya siku kadhaa, vikiwa vigumu na vyenye kuwasha. Ukitazama vizuri, mara nyingine utauona unywele umejikunja ndani yake.

3. Vipele vya usaha. Hivi vina kichwa cheupe au cha njano na huuma vikiguswa. Vijidudu vinavyoishi juu ya ngozi vimeingia katika vitundu vya nywele kupitia michubuko. Kikizama chini na kukua, huwa jipu.

4. Fangasi. Hushika kwenye mikunjo ya mapaja, hufanya duara lenye ukingo wenye magamba, na huwasha sana mtu akitoka jasho. Huu hautokani na wembe, na hautapona kwa kubadili namna ya kunyoa.

5. Chunjua. Ni vinyama vidogo vya rangi ya ngozi. Wembe ukipita juu yake huweza kuvisambaza, basi mwenye navyo asinyoe pale mpaka aonwe na mganga wa hospitali.

Magonjwa ya zinaa nayo yana vidonda na malengelenge yake, na anayeyatambua ni mtaalamu kwa kumpima mgonjwa. Mtu asijihukumu mwenyewe kwa hofu, wala asimhukumu mwenzake kwa kuona anajikuna. Kumtuhumu Muislamu uchafu wa zinaa kwa sababu ya kipele ni dhulma kubwa, na tunawakanya kwa nguvu wanaofanya mzaha wa namna hiyo mabwenini.

NAMNA YA KUNYOA BILA KUJIUMIZA

Mkoa wetu ni mkavu na wenye upepo, hasa miezi ya Juni, Julai na Agosti, na ngozi kavu huchubuka upesi. Pia baadhi ya visima vyetu hutoa maji ya chumvichumvi ambayo hayatoi povu la sabuni ipasavyo. Kwa hiyo jitayarishe kabla ya kushika wembe.

Kwanza, punguza nywele ndefu kwa mkasi mdogo. Wembe unaopita katika nywele ndefu huvuta na kukwama.

Pili, lainisha. Oga kwanza, au chovya kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu ukiweke mahali pale kwa dakika tano hivi. Maji ya kikombe kimoja kikubwa yanatosha. Maji ya mvua au ya bomba yakipatikana ni bora kuliko ya kisima cha chumvi. Kisha paka povu la sabuni isiyo kali. Usinyoe pakavu hata ukiwa na haraka ya Ijumaa.

Tatu, tumia wembe mpya wenye makali, wa upande mmoja ukiweza kuupata. Wembe butu hukulazimisha kukandamiza, na wenye kutu ni wa kutupwa.

Nne, nyoa kuelekea upande nywele zinakolalia, usizipinge. Usiivute ngozi kwa nguvu. Pitisha wembe kwa wepesi, uusuuze kila mara, wala usirudie mahali pamoja mara nyingi. Zikibaki ncha fupi, ziache, sunna imeshapatikana.

Tano, suuza kwa maji safi ya baridi na kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, bila kusugua. Usipake spiriti, maji ya limau, dawa ya meno, majivu wala manukato. Watu hudhani kuwa kinachochoma ndicho kinachotibu, na kumbe kinaongeza jeraha. Ngozi ikiwa kavu na haikukatika, yatosha kupaka matone machache ya mafuta ya alizeti, ambayo mkoa wetu unasifika kwayo, yawe safi na yasiwe yaliyokwisha kukaangiwa.

Sita, kwa siku mbili tatu vaa nguo za pamba zisizobana. Nguo ya ndani ya nailoni, au suruali ya michezo inayobana huku mtu anacheza mpira juani, hukusanya jasho na kusugua mahali palipo pabichi. Msuli, kanzu au gauni pana ni nafuu.

Ambaye ngozi yake haivumilii wembe kwa njia yoyote, na atumie mkasi wenye ncha butu na kuzifupisha nywele bila kugusa ngozi. Tumeshaona kuwa wanazuoni wamelijuzisha hilo. Ama krimu za dukani za kuondoa nywele, zipo zinazofaa, lakini zina dawa kali inayoweza kuunguza. Atakayeitumia asome maelezo, aijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono na asubiri siku moja, wala asizidishe muda ulioandikwa. Na mtu asijaribu kujitengenezea nura, maana mchanganyiko wake wa zamani ulikuwa ni chokaa pamoja na jiwe lenye sumu ya aseniki.

UKISHATOKWA NA VIPELE

La kwanza ni kuacha kunyoa. Mahali penye vipele panahitaji mapumziko ya wiki tatu mpaka nne ili nywele zilizozama zirefuke na kujichomoa zenyewe. Hapa tazama wasaa wa zile siku arubaini: mtu anaweza kuipumzisha ngozi yake mwezi mzima na asiwe ametoka nje ya sunna. Na daktari akimwambia asubiri zaidi, azifupishe kwa mkasi.

La pili ni kitambaa cha maji ya uvuguvugu, dakika kumi, mara tatu kwa siku. Hupunguza uvimbe na kulainisha ngozi ili unywele utoke. Kwa muwasho, losheni ya kalamini inayouzwa katika maduka ya dawa husaidia. Kucha ziwe fupi, kwa kuwa aliye usingizini hujikuna bila kujua.

La tatu, usikamue. Usaha unaokamuliwa husukumwa ndani zaidi na kovu huwa kubwa. Na hapa fiqhi inakutana na tiba. Katika madhehebu ya Shafii damu ya vipele vya mtu mwenyewe imesamehewa katika swala, lakini aliyevikamua kwa makusudi husamehewa kidogo tu. Basi mwenye vipele asiache swala kwa wasiwasi wa kitone cha damu katika nguo, wala asijitafutie damu kwa mikono yake.

La nne, msikimbilie krimu za kuondoa muwasho zinazouzwa kiholela. Nyingi zina dawa aina ya steroidi. Muwasho hutulia siku mbili, lakini ukiendelea nazo ngozi huwa nyembamba, na kama ulikuwa ni fangasi hupata nguvu na kuenea. Vidonge na krimu za kuua vijidudu navyo vitumike kwa maelekezo ya mtaalamu, si kwa kupeana masalia bwenini.

Nenda zahanati bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya: jipu linalokua, wekundu au uvimbe unaosambaa, homa, mtoki uliovimba, kidonda kisichopona, au vipele vinavyorudi kila mara. Mwenye ugonjwa wa kisukari asisubiri hata kidogo. Na katika nchi yetu wapo wataalamu wa ngozi. Tangu mwaka 1992 kipo katika hospitali ya KCMC, Moshi, chuo cha kanda kinachofundisha magonjwa ya ngozi, na wanaohitimu huko wanahudumu Tanzania na nchi nyingine za Afrika.

WEMBE MMOJA, MTU MMOJA

Hili tunalisisitiza kwa wanaokaa bweni na kwa ndugu wanaolala chumba kimoja. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kwetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na tangu zama hizo watu wamekuwa wakionywa kutochangia nyembe. Virusi vya UKIMWI havidumu sana damu ikishakauka. Lakini virusi vya homa ya ini aina ya B ni vigumu zaidi, vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi, hata katika damu isiyoonekana kwa macho. Kuusuuza wembe kwa maji na sabuni hakutoshi. Ongeza na vijidudu vya majipu, fangasi na chunjua, ambavyo vyote husafiri kwa wembe na taulo.

Wembe mpya hauna gharama ya kumshinda mtu. Asiye nao amwambie mwalimu, wala asimwombe mwenzake aliokwisha kuutumia. Na ukimaliza, ufunge katika karatasi na uutupe ndani ya choo cha shimo au katika kopo lenye kifuniko. Wembe uliotupwa uani utachukuliwa na mtoto au kukanyagwa na mtu asiye na viatu, na kuondoa chenye madhara njiani ni katika imani.

HAYA ISIWAZUIE KUTIBIWA

Haya ni katika imani, nasi hatutaki ipungue. Lakini haya inayomfanya kijana akae na jipu mpaka anashindwa kutembea si haya iliyosifiwa. Wanawake wa Kiansari walisifiwa na Bibi Aisha (R.A.) kwamba haya haikuwazuia kuielewa dini yao, na wao walikuwa wakimuuliza Mtume (S.A.W.) mambo ya siri ya twahara.

Wanazuoni wamekubaliana kwamba dharura ya tiba huruhusu kumwonyesha mtabibu sehemu ya awra kwa kiasi cha haja. Mvulana atafute tabibu wa kiume na msichana atafute wa kike wanapopatikana, na wasipopatikana tiba isiachwe. Kabla ya hapo, mvulana anaweza kumweleza baba, mjomba au ustadhi wake, na msichana akamweleza mama, shangazi au mwalimu wake wa kike. Inatosha kusema, "Mwalimu, nina vipele mahali ninaponyoa." Hahitajiki kuonyesha chochote kwa mwalimu, naye mwalimu kazi yake ni kumsitiri na kumwelekeza zahanati.

Nanyi wazazi mtakaoisoma makala hii vijana wakiileta nyumbani, mpeni kila aliyebaleghe wembe wake na mkasi wake, na mumweleze matumizi yake kwa upole, mama kwa binti na baba kwa mwana. Kijana asiyeelezwa nyumbani ataelezwa na wenzake, na wenzake wanajua kama anavyojua yeye.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutwaharishe nje na ndani, awape afya wagonjwa wetu, na aijaalie elimu hii iwe yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.